Kutoka Manamba hadi Kikokotoo

Ukipanda basi Mangaka kwenda Tunduru, Nakapanya ni karibu nusu ya safari. Ukifika hapo zimebaki kilomita sitini na kitu kuingia mjini. Ni kata ya wakulima: korosho kwanza, halafu mahindi, muhogo, mpunga mabondeni. Wanaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi hapa wanafahamika mmoja mmoja. Ni walimu, wauguzi, mtendaji wa kata, na afisa ugani ambaye wazee bado humwita bwana shamba. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi watu wa Nakapanya wanakijua kwa fulana ya Mei Mosi aliyoivaa mwalimu shambani, na kwa taarifa ya habari pale chama kinapodai nyongeza na Serikali inapojibu.

Majibu ya Serikali kwa kawaida huigusa Nakapanya bila kuitaja jina. Wafanyakazi ni wachache, huambiwa taifa, wakulima ndio wengi. Mfuko ni mmoja, na haiwezekani wachache wakaumaliza. Hoja hiyo ina zaidi ya miaka sitini. Wameitumia marais na mawaziri wa vipindi tofauti, na naamini imeijenga sura ya vyama vya wafanyakazi Tanzania kuliko mgomo wowote uliowahi kufanyika. Mkulima ameitwa shahidi katika kesi ambayo hakufungua, na ushahidi wake umekuwa ukitolewa kwa niaba yake.

Jambo linalosahaulika ni kwamba huyo mkulima wa kusini aliwahi kuwa mfanyakazi mwenyewe, tena mfanyakazi wa daraja la chini kabisa.

Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ikawa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza, hadi Morogoro na Lindi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Tanganyika ikawa inaongoza duniani kwa zao hilo. Mashamba yalihitaji mikono mingi. Wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miba kwa ujira mdogo. Kusini hali ilikuwa nyingine. Songea, Tunduru, Masasi na ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vijana wengi na kodi ya kichwa ya kulipwa kila mwaka, lakini kwa miaka mingi hakukuwa na zao la kuleta fedha taslimu wala njia ya kulifikisha sokoni. Wamiliki wa mashamba wakaunda mwaka 1944 ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, na mawakala wake wakawa wanapita katika nchi hizi wakiandikisha watu. Aliyeandikishwa alipewa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba, na jina hilo, likiwa limetoka kwenye daftari la mwajiri, likageuka kuwa tusi hata baada ya daftari lenyewe kuoza.

Maisha ya manamba yalipimwa kwa kipande. Kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Mtu alipomaliza ngwe yake ya siku, siku ile ilitiwa alama. Akishindwa kuimaliza, au mnyapara akisema majani hayakutimia, jasho lote la siku hiyo lilikuwa bure. Majani yalikatwa, yakaondolewa mwiba wa nchani, yakafungwa matita ya majani thelathini thelathini, yakapangwa kando ya reli ndogo kusubiri matoroli ya kuyapeleka korona, yaani kiwandani, ambako mashine iliyapondaponda na kuacha nyuzi. Mshahara ulisubiri kipande kijae. Kikijaa ndani ya wiki sita hivi, vyema. Kisipojaa, kulikuwa na maneno. Mkataba ukiisha, mtu alirudi kusini na blanketi, vitambaa, pengine baiskeli, na hadithi. Wapo waliobaki kulekule wakazaa na kuzikwa huko, na ndiyo maana hadi leo ukienda vijiji vya Korogwe na Muheza utakuta ukoo wa Kingoni na wa Kimakua ambao haujui tena njia ya kurudi kwao.

Katika miaka hiyo manamba hakuwa na chama. Dar es Salaam, makuli wa bandarini walikwisha kuanza: waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukatoka gatini ukaenea mjini, ukapanda reli ya kati. Walipata nyongeza, wakaunda chama chao, na Abdulwahid Sykes, ambaye miaka michache baadaye angekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, akawa katibu wake. Mwaka 1950 kukatokea mgomo mwingine uliogeuka ghasia, na Serikali ya kikoloni ikakivunja chama. Kwa miaka kadhaa vyama vilivyosajiliwa Tanganyika nzima vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hata hivyo jina zuri lilikuwa limepatikana. Mtu wa mjini alikwisha kuona kwamba watu wasio na cheo, wakikunja mikono pamoja, bwana mkubwa huja kuzungumza.

Mwaka 1955 Tom Mboya alivuka kutoka Nairobi akaja Dar es Salaam kuwahimiza viongozi wa vyama vidogovidogo waungane. Oktoba mwaka huohuo lilizaliwa shirikisho la TFL, na katibu mkuu wake akawa kijana wa miaka 29 kutoka Matimira, Songea: Rashidi Mfaume Kawawa. Alikuwa karani wa Serikali, aliyepata kuigiza katika filamu za maendeleo ya jamii na kuongoza chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, TAGSA. Sheria ilimkataza mtumishi wa umma kujiunga na TANU. Chama cha wafanyakazi hakikukatazwa. Kwa hiyo watu waliofungiwa mlango wa siasa waliingilia dirisha la vyama vya kazi, na waliotazama kutoka nje hawakuona tofauti kubwa kati ya hivi viwili.

Ni hapa ndipo chama cha wafanyakazi kilipopendwa kuliko wakati wowote kabla au baada. Sababu haikuwa wingi wa wanachama. Madai yenyewe ndiyo yaliyopenya. Shirikisho lilidai kima cha chini cha mshahara, lakini pia lilidai kwamba Mwafrika asilipwe kidogo kwa sababu ya rangi yake na kwamba kazi za maofisini zifunguliwe kwa wenyeji. Madai hayo yalimgusa hata yule ambaye hajawahi kuajiriwa, kwa sababu kila mtu alikwisha kudharauliwa mahali fulani: kwa karani wa posta, kwenye duka, mbele ya mkuu wa wilaya. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam walipogoma mwaka 1958, TANU iliwataka wananchi wasusie bia. Kwa Nakapanya, yenye Waislamu wengi na ambako chupa ya bia ilikuwa kitu cha kusimuliwa, mtihani huo haukuwa mgumu. Lakini mkulima asiye na mwajiri aliweza kumsaidia mfanyakazi wa mjini kwa kutofanya kitu tu, na hilo ndilo jambo la kukumbuka.

Mashambani, chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kilikua upesi chini ya Victor Mkello. Mgomo wa shamba la Mazinde, Tanga, uliodumu zaidi ya miezi miwili kuanzia mwaka 1958, uliwaonyesha matajiri wa mkonge kwamba zama za mnyapara kuamua peke yake zinakaribia mwisho. Mtu wa kusini aliyekuwa na kipande mfukoni akawa pia na kadi ya chama.

Kisha TANU ikaingia serikalini. Septemba 1960 Mwalimu Nyerere akawa Waziri Kiongozi, na mwaka huo ndio uliokuwa na migomo mingi kuliko yote: siku za kazi zilizopotea zilikaribia milioni moja na nusu. Mgomo wa reli peke yake, ulioongozwa na Kasanga Tumbo, ulipita siku 80. Wafanyakazi hawakuwa wamebadilika. Walikuwa wakifanya kilekile walichopigiwa makofi miaka miwili kabla. Aliyebadilika alikuwa mtu wa upande wa pili wa meza. Jana alikuwa Mwingereza, leo alikuwa ndugu, na ndugu huyo alikuwa na bajeti ya kutengeneza shule na zahanati katika nchi ambayo haikuwa nazo. Mgomo uleule uliokuwa ushujaa ukaanza kuitwa ubinafsi.

Kilichofuata mwaka 1962 kingeweza kuwa tamthilia. Januari Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, na Kawawa akashika nafasi yake. Michael Kamaliza, aliyekuwa rais wa TFL, akawa Waziri wa Kazi. Juni mwaka huo, chini ya Serikali iliyoongozwa na katibu mkuu wa kwanza wa TFL na wizara iliyoshikwa na rais wake, Bunge lilipitisha sheria zilizobana migomo na kulazimisha migogoro ipitie usuluhishi, na nyingine zilizowazuia baadhi ya watumishi wa umma kuwa wanachama wa vyama. Wenye hasira waliwaita Kawawa na Kamaliza wasaliti. Mimi nadhani Kawawa aliamini alichokifanya. Alitoka Matimira, si Kariakoo. Alijua watu wa kwao walivyoishi, na alijua kwamba karani wa Dar es Salaam, pamoja na njaa zake, alikuwa tajiri ukimpima na mkulima wa Songea. Hoja ya mkulima haikubuniwa na adui wa vyama vya wafanyakazi. Ilitoka kinywani mwa watoto wao wa kwanza, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuijibu.

Na mwaka huohuo TFL ilipata ushindi wake mkubwa, ushindi ambao kusini uliacha jeraha. Tume ya kima cha chini iliyoongozwa na Donald Chesworth kutoka London ilipendekeza mishahara ipandishwe, Dar es Salaam iwe Sh 150 kwa mwezi, na viwango vipya vikaanza 1963. Matajiri wa mkonge, ambao bei ya mazao yao ingeanguka muda si mrefu, walifanya hesabu zao. Kama kibarua ni ghali, basi awe mmoja anayekaa shambani daima na kufanya kazi ya wawili. Ajira nchini ilishuka kutoka karibu watu 400,000 mwaka 1962 hadi karibu 340,000 mwaka uliofuata. Kuandikisha watu kutoka mbali hakukuwa na maana tena. SILABU ilififia na kufungwa katikati ya miaka ya 1960, na manamba wakaisha.

Chama kilikuwa na haki ya kuuchukia mfumo wa manamba. Ulikuwa mfumo wa kumtenga mtu na familia yake na kumpima kama mzigo. Lakini tazama jambo hili kutoka Nakapanya. Aliyekuwa Mazinde wakati huo alipata mshahara ulioboreshwa, nyumba, na likizo. Mdogo wake, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kwenda kutafuta baiskeli na mahari, hakupata kitu, njia ilifungwa. Chama kilizungumza kwa niaba ya aliye ndani ya lango. Aliyebaki nje hakuwa mwanachama, hakuwa na mjumbe, na mtu wa pekee aliyemwambia kwamba anamfikiria alikuwa kiongozi wa TANU aliyekuja na habari za ushirika na korosho. Kama kuna wakati ambapo vyama vya wafanyakazi vilipoteza kijiji, nauweka hapo.

Mwisho wa TFL ulikuwa wa haraka. Mkello alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya Serikali mwanzoni mwa 1963. Tumbo, aliyepelekwa London kuwa balozi, alirudi akaanzisha chama cha siasa, akakimbilia Kenya. Tarehe 7 Januari 1964 Nyerere alitangaza kwamba raia wote watahesabiwa sawa kazini bila kujali rangi. Viongozi wa vyama, ambao Uafrikanishaji wa haraka ulikuwa dai lao kuu, walikasirika. Siku 13 baadaye askari wa kambi ya Colito waliasi. Maasi yalipozimwa kwa msaada wa Waingereza, Serikali iliwakamata viongozi wa vyama wapatao 200 kwa tuhuma za kutaka kutumia nafasi hiyo. Februari TFL ikavunjwa kwa sheria, ikazaliwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Kamaliza, ambaye aliendelea kuwa Waziri wa Kazi. Kwa maneno mengine, asubuhi angeweza kujiandikia barua ya madai na jioni akajijibu. Miaka michache baadaye naye alifungwa katika kesi ya uhaini ya 1970 hadi 1971.

NUTA haikugoma na haikutisha. Ilikata ada kwenye mishahara na kujenga majengo. Lakini ilifanya jambo moja ambalo hakuna mtaalamu wa mahusiano ya umma angeweza kulipanga: mwaka uleule wa 1964 ilianzisha bendi. NUTA Jazz, ikiwa na Muhidin Gurumo miongoni mwa waimbaji wake wa mwanzo, ilipigwa Radio Tanzania asubuhi, mchana na usiku, na popote penye redio ya mkulima yenye betri, ilisikika. Watu wa Tunduru ambao wasingeweza kukutajia dai moja la NUTA waliweza kukuimbia nyimbo zake. Chama kilipobadilika jina, bendi ilibadilika nacho: JUWATA Jazz baada ya 1978 pale NUTA ilipogeuzwa Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania chini ya CCM, kisha OTTU Jazz katika miaka ya 1990, na hatimaye Msondo Ngoma, ambayo imedumu kuliko vyama vyote vilivyoilea. Chama kilichonyamazishwa mdomo kikapewa gitaa. Kwa umma huu haukuwa ubadilishanaji mbaya hata kidogo, na ninawafahamu watu wazima ambao neno NUTA likitajwa mbele yao huanza kutikisa bega.

Huku nyuma, hoja ya mkulima ilipata nguvu ya maandishi. Ripoti ya Profesa Turner wa Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1967 ilisema mishahara imekua haraka kuliko kipato cha mkulima na ipunguzwe mwendo. Azimio la Arusha mwaka huohuo lilionya kwamba mji unaweza kumnyonya mkulima. Lakini Mwongozo wa TANU wa 1971, ambao kifungu chake cha 15 kilikataza viongozi wenye kiburi na dharau, uliwapa wafanyakazi silaha yao, na wakaitumia viwandani bila kuingoja NUTA. Wale wa Mount Carmel Rubber, mwaka 1973, walikitwaa kiwanda chenyewe hadi polisi walipokuja. Julai 1986 wafanyakazi wa kiwanda cha sukari Kilombero walipigwa risasi, wengine wakafa. JUWATA, ambayo kazi yake ilikuwa kuwatetea, haikuwa na sauti ya kutosha hata kuwazika kwa heshima.

Mfumo wa vyama vingi ulipokuja, walimu hawakusubiri. Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilisajiliwa mwaka 1993, na kwa mara ya kwanza chama cha wafanyakazi kikawa na mtu wake katika kila kijiji nchini, Nakapanya ikiwemo. Hili ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana. Hadi hapo mfanyakazi alikuwa mtu wa mbali, wa gatini au wa korona. Sasa alikuwa mtu anayefundisha mtoto wako, anayenunua kuku wako kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi, na ambaye pengine ana ekari za mikorosho jirani na zako. Ukijua kwamba amedai malimbikizo tangu alipohamishwa miaka mitatu iliyopita, humwoni kama mnyonyaji. Unamwonea huruma, na pia unamkumbusha deni la kuku.

Mwaka 2010 shirikisho jipya, TUCTA, lilitaka kima cha chini cha Sh 315,000 na likatangaza mgomo wa nchi nzima. Mei 3, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Rais Jakaya Kikwete alikutana na wazee wa Dar es Salaam na kuwaeleza, huku nchi nzima ikitazama, kwamba kulipa kiwango hicho kungemeza mapato yote ya Serikali, kwamba watumishi hawafiki nusu milioni katika nchi ya watu milioni arobaini, na kwamba kama bei yake ni kukosa kura zao yuko tayari. Alimshambulia kiongozi wa TUCTA, Nicholas Mgaya, kwa maneno makali. Mgomo uliahirishwa. Ilikuwa hotuba ya 1962 ikirudiwa kwa sauti nyingine, na kwa siku chache ilifanya kazi. Oktoba kura za Rais zilishuka kutoka asilimia 80 za mwaka 2005 hadi kidogo zaidi ya 60. Sitasema ni wafanyakazi waliozishusha, maana mambo mengi yalizishusha, lakini hakuna rais aliyethubutu tena kuwaambia hadharani kwamba kura zao hazihitaji.

Miaka miwili baadaye CWT iliitisha mgomo, ukaanza Julai 30, 2012. Iliomba nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Agosti 2 Mahakama ya Kazi ilitangaza mgomo batili. Katika siku hizo chache, katika miji kadhaa wanafunzi waliandamana wakidai kufundishwa, na picha za watoto wenye sare barabarani zilitosha kuwaumiza walimu machoni pa wazazi. Ukitazama orodha ya madai unaona kosa lilipokuwa. Ile asilimia 30 ya mazingira magumu ndiyo ingewaunganisha walimu na vijiji, kwa sababu inahusu kwa nini walimu wa fizikia na hesabu hawakai Tunduru, na mzazi yeyote wa Nakapanya angeielewa kabla hujamaliza kuisema. Lakini ilikuwa ya mwisho kwenye orodha, na redio ilitangaza ya kwanza: asilimia 100. Madaktari waliogoma mwaka huohuo walipata funzo kama hilo. Walikuwa na madai ya vifaa na dawa hospitalini, lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni mshahara wa Sh milioni 3.5, hadi kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alipotekwa na kuteswa usiku wa Juni 26, na huruma ikarudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka.

Awamu ya tano ilianza vizuri: Mei Mosi 2016 mjini Dodoma, Rais Magufuli alipunguza kodi ya mapato ya mshahara wa chini kutoka asilimia 11 hadi 9. Baada ya hapo mishahara haikupandishwa. Vyama vilikaa kimya, na ukimya wao ulianza kuhesabiwa na wanachama wenyewe. Asilimia mbili ya mshahara iliyokatwa na CWT kila mwezi, ambayo zamani ilionekana kama gharama ya kuwa na msemaji, ikaanza kuitwa bei ya fulana. Chama pinzani cha walimu, CHAKUHAWATA, kikapata wafuasi.

Kisha ikaja kanuni ya mafao. Agosti 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya ikasema mstaafu apewe mkupuo wa asilimia 25 ya mafao, kilichobaki kilipwe kidogo kidogo kila mwezi. Kwa walimu, ambao wengi walikuwa PSPF na waliozoea mkupuo wa asilimia 50, hii ilikuwa nusu ya nyumba waliyokuwa wakipanga kuijenga. Hapa ndipo neno kikokotoo lilipotoka kwenye kompyuta za mifuko na kuingia sokoni. Vyama vilipiga kelele, na Desemba 28, 2018 Rais aliwaita viongozi wao Ikulu na kurudisha kanuni ya zamani hadi 2023. Kwa siku hiyo moja TUCTA ilikuwa shujaa.

Nakapanya, Desemba hiyohiyo, watu walikuwa wakihesabu magunia. Mwezi mmoja kabla, wanunuzi walipogoma kununua korosho kwa bei iliyotakiwa, Serikali iliamuru jeshi liende kuzibeba na kutangaza kwamba kilo italipwa Sh 3,300. Magari ya jeshi yalikuja. Fedha kwa wengi zilichelewa hadi mwaka uliofuata. Kwa hiyo mwalimu aliyekuwa akisubiri mafao na mkulima aliyekuwa akisubiri korosho walikaa katika baraza moja, wakiilalamikia hazina moja, na madai yao mawili hayakuwahi kuunganishwa kuwa dai moja. Sidhani kama kuna aliyefikiria kuyaunganisha. Mkulima alikuwa ametumika kwa miaka 56 kama sababu ya kumnyima mfanyakazi, na siku aliponyimwa yeye, mfanyakazi hakujua amwambie nini.

Mwaka 2022 Serikali, waajiri na TUCTA walikubaliana juu ya mkupuo wa asilimia 33. Kwa waliokuwa NSSF na PPF ulikuwa nafuu kutoka 25. Kwa waliokuwa PSPF na LAPF ulikuwa hasara kutoka 50. Rais wa TUCTA, Tumaini Nyamhokya, na wenzake walijitokeza kuutetea, na kwa mara nyingine chama kikaonekana kikisimama upande wa pili wa meza. Mwezi Mei mwaka huo Rais Samia alikuwa ametangaza nyongeza ya asilimia 23.3 kwa kima cha chini, na vyama vikashangilia kabla ya Julai, mwezi ambao wengi walifungua hati zao za mshahara na kukuta asilimia hiyo ilikuwa ya wale wa chini tu. Lawama za kikokotoo hazikuisha hadi bajeti ya 2024/25 ilipopandisha mkupuo kuwa asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Warithi wa chama cha Mkello nao wapo. TPAWU inaandikisha wafanyakazi wa mashamba makubwa: chai, miwa, maua, na mkonge uliobaki Tanga. Amri ya mishahara ya sekta binafsi ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa Sh 100,000 kwa mwezi, na ile iliyoanza Januari 2023 ikakifikisha Sh 140,000. Nakapanya msimu wa korosho kuna vibarua wengi: wa palizi kwa ekari, wa kupulizia salfa alfajiri wakiwa wamefunga kitambaa puani, wa kuokota na kutenganisha mabibo. Baadhi yao ni wajukuu wa manamba. Waajiri wao ni jirani zao, pamoja na walimu wenye mikorosho, na bei ya kazi huafikiwa chini ya mkorosho kabla jua halijawaka. Hakuna mtu wa chama chochote aliyewahi kufika hapo na kitabu cha kuandikisha.